Mpaka wa Kihamba: Ujue Unagombania Nini Kabla ya Kwenda Barazani

Kila Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, wengi wao hutembelea mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, na baadhi yao hukuta migomba ya jirani imesogea. Hasira hupanda papo hapo, mwenyekiti wa kitongoji huitwa, maneno makali hutoka mbele ya watoto, na kabla mwaka mpya haujaingia mmoja amekwishafika polisi na mwingine anatafuta wakili Moshi mjini. Miezi kadhaa baadaye huambiwa kwamba walikwenda pasipohusika na kwamba shauri lao inabidi lianze upya, wakati fedha zimekwisha na salamu kati ya nyumba mbili zimekatika.

Sababu kubwa ya hasara hiyo, kwa maoni yangu, si ubovu wa sheria. Sheria za ardhi za Tanzania zina mapungufu yake, lakini kuhusu ugomvi wa majirani vijijini zimeeleza vya kutosha nani afanye nini. Tatizo ni kwamba walalamikaji wengi hutafuta mahali pa kushtaki kabla hawajatambua wanagombania nini hasa. Jirani aliyesogeza mpaka hatua mbili, jirani anayedai kwamba shamba zima lilikuwa la babu yake, na jirani aliyeziba mfereji wa maji ni watu watatu tofauti mbele ya sheria, hata kama maudhi yao yanalingana.

Ugomvi wa mpaka ni ule ambao pande zote mbili zinakubali kwamba kila mmoja ana ardhi yake halali, ila hazikubaliani mstari unapita wapi. Huu ndio mwepesi kuliko yote, mradi ushughulikiwe mapema, kwa sababu jibu lake liko ardhini na katika kumbukumbu za watu wanaoishi pale. Ugomvi wa umiliki ni mzito zaidi, kwa kuwa mmoja anasema mwenzake hana haki yoyote mahali pale. Kisha kuna ugomvi wa matumizi, yaani njia, maji, mti unaotia kivuli au mbuzi wanaokula mahindi, ambapo hakuna anayepinga umiliki wa mwenzake bali kinacholalamikiwa ni namna anavyoutumia.

Kinachofanya mambo yawe magumu upande wa Kilimanjaro ni kwamba aina hizi huchanganyika. Kihamba, chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, hutoka kwa baba kwenda kwa wana na hugawanywa kila kizazi, hivyo jirani wa mtu mara nyingi ni kaka yake, baba yake mdogo au mtoto wa baba yake mkubwa. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho hubaki kwenye nyumba ya wazazi, wakubwa wakiwa wamekatiwa sehemu zao mapema, na mgawo huo kwa kawaida ulifanyika kwa maneno, mbele ya wazee wa ukoo, kwa kunyoosha fimbo na kupanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Mzee akifariki na mashahidi wake wakamfuata mmoja mmoja, ndugu wanaoonekana kugombania mashina machache ya migomba huwa kwa kweli wanagombania mirathi ambayo haikuwahi kuandikwa. Anayeshindwa kuliona hilo atasuluhishwa kuhusu mpaka leo, na mwakani atajikuta barazani tena kuhusu shamba lilelile.

Masale na ushahidi ulio ardhini

Kazi ya kwanza, basi, ni kutembea mpaka, na kuutembea vizuri. Katika vihamba alama ya mpaka ni masale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwa mstari, na heshima yake inavuka mambo ya mashamba, kwa kuwa jani la isale ndilo Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea anapoomba msamaha. Uzuri wake kama ushahidi ni kwamba hukaa miaka mingi, na hata shina likikatwa kisiki hubaki na mara nyingi huchipua tena. Wazee wanaoijua kazi hii hawaanzi kwa kuangalia masale yaliyosimama, bali huangalia pengo. Mmoja husimama kwenye masale ya juu, mwingine kwenye ya chini, na wa tatu huondoa majani makavu ya migomba yaliyofunika ardhi, kisha huchokonoa udongo kwa ncha ya panga akitafuta kisiki. Kisiki kikipatikana kwenye mstari, maneno hupungua. Yakikutwa masale machanga, yote ya unene mmoja, yamejipinda kuingia upande mmoja ilhali ya juu na ya chini ni makongwe, hilo nalo linasema.

Si masale pekee yanayotoa ushahidi. Kaburi la babu, mringaringa wa zamani, mfereji uliokauka, mawe yaliyopangwa na hata mistari ya mibuni iliyopandwa na mtu anayejulikana, vyote hueleza nani alitumia wapi na tangu lini. Wachaga huzika kwenye vihamba vyao, na ni vigumu kwa mtu kueleza kwa nini marehemu wa ukoo mwingine amelala katika shamba analodai halijawahi kuwa la ukoo huo. Kwenye mashamba ya tambarare kule chini, ambako watu hulima mahindi na maharage, hali ni tofauti: masale ni machache, mpaka ni ukanda mwembamba wa majani, na trekta likipita kila msimu huula kidogo kidogo bila dereva kukusudia ubaya wowote. Huko ningemshauri kila mtu awepo mwenyewe au aweke mtu wake siku ya kulima, kisha apande miti ya mpakani kwa makubaliano na jirani yake.

Neno makubaliano ndilo la kuzingatia. Mtu asing'oe masale ya mwenzake wala asipande yake usiku kwa sababu tu anaamini yuko sahihi. Kuondoa alama za mpaka kwa nia ya kudhulumu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hata asiposhtakiwa, aliyeharibu alama amejiharibia ushahidi wake mwenyewe, kwa maana barazani mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Apige picha, aandike tarehe, awaite majirani wa pande zote, siyo yule mgomvi wake peke yake, kisha amwombe mwenyekiti wa kitongoji awepo mpaka unapopitiwa.

Shamba la marehemu

Ikiwa ardhi inayogombewa bado ni ya baba au babu aliyefariki, jambo la kwanza kuuliza ni kama mirathi imefunguliwa. Mashauri mengi hutupwa kwenye hatua hii bila hata kusikilizwa, na inauma kuona mtu mwenye haki yake akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi. Mtoto wa marehemu, hata awe wa kwanza, hana mamlaka ya kushtaki au kushtakiwa kuhusu mali ya marehemu kwa sababu tu ni mtoto. Anayeweza kufanya hivyo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi za vijijini shauri hili hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, baada ya ukoo kukaa kikao, kupendekeza jina na kuandika muhtasari. Muhtasari huo peke yake haumfanyi mtu kuwa msimamizi. Ni pendekezo, na uteuzi hufanywa na mahakama.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa. Mjane hufukuzwa na mashemeji, au binti aliyerudi nyumbani huambiwa kwamba kihamba ni cha wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa kimila, lakini inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mama anayeambiwa na wazee wa ukoo kwamba desturi haimruhusu ana haki ya kuwajibu kwa heshima kwamba sheria ya nchi inamruhusu, na mjini Moshi yapo mashirika yanayotoa msaada wa kisheria kwa wanawake bila malipo, likiwemo KWIECO, ambako anaweza kupata mtu wa kumwandikia na kumsindikiza.

Miaka 12

Hakuna jambo linalozungumzwa kwa kujiamini na kueleweka kwa makosa kama miaka 12. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa na mwingine, na kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa akiimiliki hadi kufa kwake, hesabu huanza siku aliyofariki. Inafuata kwamba watoto waliohamia mikoani, wakaacha jirani alime kipande cha baba yao, wakasema watalishughulikia wakistaafu, wanaweza kurudi na kukuta mlango wa baraza umefungwa. Kulalamika kwa mwenyekiti wa kijiji kila Desemba si sawa na kufungua shauri, na mtu asitegemee malalamiko hayo yasimamishe muda.

Wapo wanaoigeuza kanuni hiyo kuwa silaha na kusema, "Nimelima hapa miaka 15, ni pangu." Hapana. Mahakama ya Rufani imeeleza mara kadhaa kwamba aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye shamba, awe mpangaji, mwalikwa au ndugu aliyeachiwa kihamba akitunze, hawi mmiliki kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Ili kukaa kumpe mtu haki, lazima awe amekaa bila ruhusa, waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa, kwa muda wote unaotakiwa. Hapa ndipo barua ya nusu ukurasa inapookoa kihamba: anayeondoka na kumwachia mdogo wake au jirani amtunzie migomba aandike kwamba amemwachia atunze, wote wawili watie saini, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, na karatasi ihuishwe kila baada ya miaka michache. Si dharau kwa ndugu. Inamlinda hata yeye, maana kesho watoto wa mwenye shamba hawataweza kumwita mvamizi.

Mabaraza na mipaka yake

Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mashauri ya ardhi yaliondolewa katika mahakama za mwanzo na za wilaya. Vijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, kati yao wanawake 3, waliopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kazi yake ni kusuluhisha, na hakuna anayelazimishwa kuanzia hapo, ingawa kwa ugomvi wa mpaka ningeanzia hapohapo bila kusita, kwa kuwa wajumbe wake wanaweza kufika shambani kwa miguu na wengi wao wanamjua mzee aliyepanda masale yale.

Juu yake kuna Baraza la Kata, na hapa habari za zamani bado zinawapotosha watu. Zamani baraza hili lilisikiliza na kuamua mashauri ya ardhi ya thamani ndogo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua na kuliachia usuluhishi tu. Hata hivyo kulipita si hiari, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la umiliki wa ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Lisipofanikiwa kusuluhisha ndani ya siku 30 tangu lalamiko lilipofikishwa, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila uthibitisho huo. Kwa sababu hiyo, anayepeleka lalamiko lake kata ahakikishe tarehe imeandikwa na anabaki na nakala. Wakili haruhusiwi kuwakilisha mtu mbele ya Baraza la Kata, na kwa maoni yangu hilo ni jema, kwa kuwa majirani wanapaswa kusikilizana wao kwa wao angalau mara moja.

Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata au mkuu wa wilaya akiwapatanisha watu na wakakubali, amefanya jambo jema, lakini hana mamlaka ya kumtangaza mmiliki wala ya kutengua uamuzi wa baraza. Polisi nao si mahali pa kuamulia mpaka. Shtaka la kuingia kwa jinai katika ardhi ya mtu halisimami pale ambapo mshtakiwa naye anadai kwa nia njema kwamba ardhi ni yake; mahakama zimekuwa zikielekeza kwamba umiliki uamuliwe kwanza penye mamlaka. Jirani akimpiga mwenzake au akikata migomba yake, hilo halihitaji kusubiri baraza lolote: shambulio na uharibifu wa mazao ni makosa ya jinai, na taarifa ipelekwe polisi siku hiyohiyo.

Baraza la wilaya, ambalo kwa wakazi wa Moshi Vijijini linakaa Moshi mjini, ndilo linalosikiliza ushahidi na kutoa hukumu. Maombi yanayopelekwa huko lazima yalieleze shamba kiasi kwamba mtu asiyelijua anaweza kulitambua. Kuandika "kihamba kilichopo Kibosho" hakutoshi. Kwa ardhi isiyopimwa hutajwa kijiji, kitongoji, ukubwa wa kipande kinachogombewa, na nani au nini kinapakana nacho kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Hukumu inayotolewa juu ya maelezo yasiyoeleweka haitekelezeki, kwani dalali wa baraza atafika shambani na asijue amwondoe nani wapi. Ushahidi ukipingana kuhusu alama, ni haki ya mhusika kuliomba baraza lifike kwenye eneo, pande zote zikiwepo na yanayoonekana yakiandikwa. Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku hizo hupita haraka kwa mtu anayesubiri kikao cha ukoo ili aamue.

Hati ya mauziano nayo huleta maumivu yake. Wengi hununua kipande cha ardhi ya kijiji kwa karatasi ya daftari iliyosainiwa na muuzaji, mashahidi wawili na mwenyekiti, wakadhani wamemaliza. Ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji, ambayo ni kikao chenye muhtasari, na mahakama zimebatilisha mauziano yaliyokosa idhini hiyo. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Mnunuzi mwangalifu huenda mbali zaidi: huwaita majirani wote wanaopakana na kipande hicho wawe mashahidi, waonyeshe mpaka kwa miguu yao, na majina yao yaandikwe kwenye hati.

Kuhusu maji na njia nitasema kwa kifupi. Mifongo, mifereji ile inayoshusha maji kutoka mlimani, hupita katika vihamba vya watu wengi, na mwenye kihamba hana haki ya kuuziba au kuugeuza kwa sababu unapita kwake. Zamu za maji huamuliwa na kamati ya mfongo, na juu yake ziko jumuiya za watumia maji na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake makuu yako Moshi, na huko ndiko malalamiko ya maji yanakopelekwa. Wanaogombania ukingo wa mto wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo, hivyo wanaweza kutumia fedha nyingi kushindania kipande ambacho mshindi hataruhusiwa kujenga. Njia ya miguu ambayo watu wameitumia miaka yote kupitisha majani ya ng'ombe ifikishwe kwenye halmashauri ya kijiji iandikwe kuwa njia, kabla kihamba hakijauzwa kwa mgeni atakayejenga ukuta.

Pande mbili zikipatana, iwe chini ya mgomba au mbele ya wajumbe wa kata, mapatano yaandikwe siku hiyohiyo. Yaeleze mstari unaanzia wapi, unapita kwenye alama gani na unaishia wapi, nani atapanda masale na lini, na nini kitafanyika kwa migomba na mibuni iliyobaki upande wa pili, kwa sababu mazao yaliyosahaulika ndiyo huanzisha ugomvi mpya. Wake na waume watie saini wote, na watoto wakubwa walioko mbali wapigiwe simu na majina yao yaandikwe kwamba wamejulishwa. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Kijiji kikiwa na masjala ya ardhi, wahusika waombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila wakati mapatano yangali mapya, kwa sababu katika uhakiki wa mipaka majirani hutakiwa kusimama shambani na kuukubali mstari, na ni rahisi kumpata jirani atie saini mwezi ambao mmepanda masale pamoja kuliko miaka 10 baadaye, mbele ya mtoto wake ambaye hakuwepo.